Kupigwa Chenga

Saa tatu na dakika kumi stima ikapotea
na Luanda yote ikaguna kwa pumzi moja:
kinyozi kabaki na kichwa kilichonyolewa upande,
mashabiki kwenye kibanda cha mpira
wakalaani penalti wasiyoiona ikipigwa,
friji ya buchari ikakoroma mara ya mwisho, kimya.
Mimi peke yangu nilisema asante.

Hata mulika mwizi pale stendi,
lile jitu la chuma lisilojua usingizi,
lilikuwa limefumba macho yote manne.
Nikapanda juu ya paa la saruji la studio
na kamera iliyopiga harusi ya Jumamosi,
vikaratasi vya rangi bado vimo mkobani,
na mashine ya kufuata nyota aliyoniundia Nyanje fundi redio
kwa mota ya printa kuukuu na bawaba ya mlango.

Maelekezo yote yameandikwa na watu wa mbali:
inua mhimili, ulenge Nyota ya Kaskazini.
Kwetu hiyo nyota haiinuki.
Imejilaza nyuma ya vilima vya Bunyore
kama mdeni aliyesikia hodi.
Ikweta inapita hapo Maseno, safari fupi ya boda,
basi bawaba yangu nailaza chali
na kuilenga kwa dira, kwa kubahatisha, kwa imani.

Jabari alikuwa utosini.
Chini ya mshipi wake, katikati ya upanga,
kuna nyota moja ambayo si nyota.
Ukiikazia macho inakupiga chenga;
ukitazama pembeni, inakuja.

Sekunde thelathini. Funga.
Sekunde thelathini. Funga.
Umande niliuzuia kwa soksi ya binti yangu,
mbu niliwaachia visigino.
Picha ya kwanza: chenga tupu.
Ya arobaini: chenga tupu.
Nuru iliyotembea miaka elfu moja mia tatu na ushei
inafika Luanda imechoka,
haina hata nguvu ya kubisha.

Jumanne Mama Esendi alikuja na simu ya kioo kilichopasuka.
Ndani yake Kizito, mwanawe, nyuma kabisa,
nusu ya shavu kwenye bega la mtu mwingine.
"Nitolee uso," akasema, "wa kuweka juu ya jeneza."
Nikamwambia moja haitoshi.
Akazunguka kwa shemeji, kwa kwaya, kwa wenzake wa juakali,
akarudi na kumi na moja, zote mbaya,
na kila moja ilikuwa na kidogo:
hii sikio, hii jicho, hii namna ya kukunja mdomo.

Nililijua hilo kabla yake, kutoka huku juu.
Chenga hazina makao; kila picha zinahama.
Kilichopo hubaki pale pale.
Ukizilaza picha mia na arobaini, moja juu ya nyingine,
waongo wanapingana wenyewe kwa wenyewe,
na yule mmoja anayerudia neno lake
anaanza kusikika.

Saa tano kasorobo mulika mwizi akafumbua macho.
Mji ukapiga vigelegele.
Picha ya mia na arobaini na moja: maziwa.

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa imejaa kwenye kompyuta,
waridi kama pera lililomegwa,
na katikati, mahali nyota zinapoanza,
kidonge cha mwanga.
Mama Esendi akasimama mlangoni, akaitazama.
Kumbe anajua picha za kliniki, zile za tumbo.
"Ana miezi mingapi?"
Ningeweza kumweleza.
"Bado mchanga," nikasema.

Kisha nikampa Kizito, ndani ya fremu.
Alimfuta kioo kwa ncha ya kitenge, ingawa kilikuwa safi.
Nikaomba radhi kwa kidevu:
hapo chenga zilinishinda, zimebaki, nyeusi nyeusi.
"Ziache," akasema.
"Alikuwa ameanza kuota ndevu."