Bili ya Julai

Bili ya umeme imeingia leo kwenye simu.
Mama ameniambia: soma tena.
Nimesoma tena. Riyali kumi na moja, baisa mia mbili.
Wamekosea hao, akasema. Watakuja kudai.
Tunyamaze, tusiwaamshe.

Kule Ruwi, Julai ilikuwa na sauti yake.
Kiyoyozi kilinguruma kama lori lililokwama mchangani,
kikala nusu ya mshahara wangu, na jasho likatutoka vile vile.
Dirisha lilikuwa moja, likitazama ukuta wa jirani,
ukinyoosha mkono unaugusa.
Saa sita mchana tunawasha taa.
Ghorofa ya nne. Lifti ina karatasi: mbovu.
Karatasi yenyewe ikazeeka, ikageuka manjano.
Mama alishuka kwa mambo mawili tu,
hospitali na matanga.
Mwanangu Mundhir alilala koridoni, kifua kikimlia filimbi,
na hesabu za shule akazifanyia juu ya mashine ya kufulia.
Mashine ikizunguka, saba zake zikitetemeka.
Mwalimu akaandika: mwandiko wa haraka.

Kisha akaja yule binti mhandisi, Thurayya,
viatu vyake vina vumbi la saruji.
Hakuuliza tunataka vyumba vingapi.
Aliuliza: mama, ukichoka unakaa wapi?
Mama akacheka mpaka akakohoa.
Miaka kumi na tisa Ruwi, mwanangu, sina pa kuchokea.
Halafu akanyamaza, akafikiri,
akasema kwa Kiarabu chake kilichozaliwa Wete:
nataka nimwone mgeni kabla hajapiga hodi.
Nataka pahala pa kukaa pasiwe njiani, pasiwe ndani.
Panaitwaje, pahala hapo?
Baraza.
Binti akaliandika neno lile kwa herufi za Kiarabu,
akalipigia mistari miwili.

Sasa tuko Amerat, nyumba ya mwisho safu ya tatu.
Si kubwa. Ukifungua jokofu, mlango wa jikoni haufunguki.
Lakini kuta ni nene kama mkate wa mtu asiye mchoyo,
na juu, karibu na dari, kuna matundu:
joto hupanda, likaukuta mlango wake,
likaondoka kwa adabu bila kufukuzwa.
Kichochoro kimebanwa makusudi.
Asubuhi nyumba yetu inawakopesha kivuli akina Dadkarim,
jioni yao inalipa.
Hakuna aliyeandikishana.

Msinidhanie nasifia pepo.
Basi la mjini hupita mara mbili, likipenda.
Rangi ya lango imeanza kubanduka.
Usiku mlima ulio nyuma yetu hutema moto uliouiba mchana,
na nimebakiwa na miaka kumi na minane ya kulipa,
kidogo kidogo, kila tarehe tano.
Ila nalipia kitu ambacho nikikigusa kipo.

Mundhir ana meza. Ni ubao uliojengewa ukutani, chini ya dirisha,
upana wa daftari mbili zilizofunguliwa.
Saba zake zimesimama wima.
Dawa ya kuvuta iko kabatini, nyuma ya chumvi,
juzi tuliitafuta tukasahau tuliiweka wapi,
na kule kusahau, jamani, kuliniliza.

Na mama, aliyekuwa akinong'ona miaka yote
maana kuta za Ruwi zilikuwa na masikio,
siku hizi humpigia kelele Bi Gulnaz ng'ambo ya kichochoro,
Kibaluchi kwa Kiswahili,
hawaelewani hata nusu,
na bakuli la halua linakwenda na kurudi halijawahi kurudi tupu.

Nimelipa bili. Nimemwonyesha risiti.
Bado haamini.
Amekaa barazani, guu amelinyoosha nje.
Jua likaligusa, akalikunja.
Akangoja.
Kivuli cha akina Dadkarim kikavuka njia polepole,
kikafika kizingitini,
akalinyoosha tena.