Pindo

Kiboksi kimefika kwa basi kutoka Dodoma,
kimevishwa soksi ya Aminieli, ile ya kijani,
kidogo kuliko kipande cha sabuni ya mche.
"Mama, hiyo ni kompyuta. Chomeka tu kwenye runinga."
Tu.
Hilo neno watoto wamelisomea wapi?

Nimechomeka.
Kioo kimenijibu kwa maandishi meupe yanayotembea
kona hadi kona, kama inzi asiyeona dirisha:
HAKUNA MAWIMBI.
Nikacheka. Hapa ni Pasua, Moshi.
Mawimbi yetu ni ya mpunga wa Mabogini upepo ukipita.

Nikapiga simu.
"Nyuma ya runinga kuna matundu mangapi?"
Kuna vumbi la tangu msiba wa baba yako,
kuna pini zangu mbili, kifungo cha sare ya shule,
na matundu matatu yaliyofanana.
Waya uko la pili, rimoti inaita la kwanza:
unamwita Nsia huku umemkazia macho Ndeshi.
Nikabonyeza. Giza, lakini giza jingine,
la mtu aliyesikia akaamua kunyamaza.

Kitaa chekundu kinapepesa.
"Unatumia chaja gani?"
Ya simu yangu ya tochi.
"Ah, mama."
Hiyo haikishibishi, anasema.
Nikamtuma Nsia wa jirani kwa wakala wa pesa pale kona,
akarudi na chaja nzito na sharti lake: kabla ya saa mbili.

Bado giza.
"Umewasha kipi kwanza?"
Kumbe kuna adabu. Runinga iwake kwanza,
ndipo kiboksi kiamke, kibishe hodi, kisikie karibu.
Kikiamka nyumba imelala, hudhani hakuna mtu,
kinaongea na ukuta.
Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Nina miaka sita ya ujane.

Nikazima vyote. Nikawasha kwa adabu.

Picha!

Nsia akapiga vigelegele, mimi nikavaa miwani.
Ni kipaimara cha Aminieli, uani kwa kaka, Machame.
Nikahesabu watu kama ninavyohesabu vifungo.
Kumi na mmoja.
Tulikuwa kumi na wawili.
Ukingoni kushoto kuna mkono,
mkono tu, umeshika kata ya mbege,
saa imegeuziwa upande wa kiganja.
Apaikunda.
Dada yangu hakupenda katikati. Kila picha
alisimama pembeni, tayari kukimbilia jikoni,
na sasa runinga imemkata.

"Ni kawaida," anasema Aminieli, "runinga hizo hula kingo."
Hazili. Zinakunja pindo.
Miaka ishirini na saba nakanyaga cherehani
barazani mwa duka la misumari na rangi;
najua kitambaa kilichokunjwa hakijapotea,
kiko ndani, kinangoja mtu mwenye wembe na subira.

Mipangilio. Picha. Ukubwa.
Vitufe vya rimoti vimefutika, kidole kinakumbuka chenyewe.
"Pana" ikatuvimbisha mashavu.
"Kuza" ikatukata mapaji.
"Basi tukifumue kiboksi. Kuna faili, ndani yake mstari
unaoanza na alama ya reli. Futa hiyo alama, usiguse kingine."
Alama moja. Uzi mmoja.
Nsia akafuta, ulimi nje, akashikilia pumzi.

Kikazima. Kikawaka.

Pindo likashuka pande zote nne:
mgomba ukapata majani yake, mbwa akapata mkia,
na dada yangu akaingia, mzima,
na gauni la maua nililomshonea mwenyewe,
bega la kulia limepanda kidogo.
Kosa langu. Sikuwahi kuliona,
naye hakuwahi kusema.

Nyuso zetu bado zina uwaridi, na sauti hatujaipata.
"Tuitafute sauti, mama?"
Kesho. Chaja ni ya watu na saa mbili inakaribia.
Niache kwanza nilitazame lile bega.