Dakika Arobaini na Moja

Alikuja Jumatatu, begi la turubai begani,
saa ya kuhesabia shingoni kama filimbi ya refa.
Mlekwa. Kijana wa watu, sauti ya chini.
"Mwangaluka, sista. Sikuja kukagua,
nimekuja kuhesabu."
Nikamwitikia. Moyoni nikasema: wote husema hivyo.

Miaka kumi na tisa nazalisha hapa Usoke.
Nimewaona wa semina, nimewaona wa picha,
wamekula matobolwa yetu wakasifu,
wakatuachia bango ukutani, na bango likaliwa na mchwa.
Huyu akaomba kiti tu.
Akakitia pembeni, kati ya mzani na ndoo ya klorini,
akakaa.

Siku ya kwanza nilitembea kama bibi harusi.
Ya tatu nilimsahau.
Ya sita, usiku, Wande alijifungua salama,
mtoto akalia,
kisha damu ikaja bila hodi.

Dawa ipo. Nataka mjue hivyo: dawa ilikuwepo,
imelala kwenye jokofu, ndani ya stoo,
na ufunguo wa stoo umelala mfukoni mwa Msonde,
na Msonde amelala kwake, ng'ambo ya reli.
Kapembe mlinzi akarukia baiskeli.
Nikamkanda Wande tumbo kwa ngumi,
nikimwita jina, nikimwita jina,
nikasikia treni ya mizigo ya kutoka Kigoma
ikipita taratibu, behewa baada ya behewa,
kama mtu anayesoma orodha ndefu ya majina.
Kapembe amesimama upande wa pili, ananiambia baadaye,
ameshika breki, analia.

Wande alipona. Sijui kwa nini alipona.

Ijumaa tukakusanywa chini ya kibao cha kliniki.
Mlekwa akageuza boksi la glovu, akaandika kwa kalamu nene:
kutambua, mbili;
kuita, moja;
kuandaa, nne;
ufunguo, thelathini na nne.
Akafunika kalamu. Hakusema neno.
Tuliisikia mvua ikijaribu bati.

Msonde alitazama viatu vyake.
"Dawa zilikuwa zinaibwa," akasema. "Niliagizwa nifunge, nikafunga."
Na ni kweli. Mwenye kufunga alikuwa mwema,
mwenye kukimbia alikuwa mwema,
mikono yangu nayo,
na katikati ya wema wetu wote damu ilipita.

Dawa yake ilikuwa msumari.
Msumari wa inchi tatu, ukutani, karibu na kitanda cha kwanza,
ufunguo wa pili, daftari la kusaini.
Basi. Hakuna waziri aliyekuja kuukata utepe.
Mwezi uliofuata: dakika tisa.
Kisha sita. Kisha saba.
Kisha, mara moja, ishirini na mbili,
kwa sababu ufunguo niliusahau mimi
kwenye mfuko wa aproni, nikaenda nao nyumbani.
Hiyo nayo Mlekwa aliiandika. Nilimwomba aiandike.

Ripoti imefika. Ndani yake sisi ni Kituo C,
mimi ni Mhudumu Namba Nne,
Wande ni asilimia.
Sikukasirika. Namba zina adabu yake,
hazinyooshi kidole.

Ila usiku ule, mabani ya tumbaku yakinuka mpaka wodini,
nilifungua rejista ya zamani, ya mwaka juzi, Machi.
Nyamizi Mhoja, miaka ishirini, uzao wa pili.
Maelezo: kutoka damu nyingi.
Mwandiko ni wangu.
Miaka miwili nimekuwa nikiitazama mikono hii
ninapokanda unga, ninapomfunga mjukuu kanga,
nikiiuliza ilikosea wapi.
Usiku ule hapakuwa na mtu kitini.
Hakuna aliyehesabu.

Rejista ya serikali haiongezwi neno.
Nikachukua daftari langu la madeni ya karanga,
ukurasa wa mwisho, nikaandika:
Nyamizi.
Ufunguo.
Nikatafuta namba ya dakika, sikuipata,
nikaacha nafasi.