Haukusogea

Gary, Indiana, saa kumi na moja alfajiri, na tanuru halijalala.
Kreni inaniletea koili,
chuma kilichoviringishwa kama mkeka wa mtu asiyerudi,
tani ishirini, bado kina joto la kuzaliwa.
Tela linainama, linaguna.
Naguna nalo. Ndiyo salamu yetu.

Nachora mstari wa chaki,
kutoka kwenye gogo la kuzuia hadi ubavuni mwa chuma.
"Wa nini?" auliza Teague, kijana wa Nebraska, siku yake ya nne kazini.
Utauona Ogden, namwambia. Lete minyororo.

Minyororo minane, kila mmoja kilo kumi na ushei:
begani, chini ya tela, ndani ya jicho la koili,
upande wa pili, tena chini, magoti kwenye changarawe,
kisha kikaza. Nakiegemea kwa uzito wangu wote,
na uzito wangu, asema daktari wa Fargo, si haba.
Mnyororo uliokaza hulia sauti moja.
Ukilia mbili, rudia.
Alinifunza hivyo Orville Tveit, mwenye vidole saba na nusu.
Ile nusu ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Halafu turubai.
Asemaye udereva ni kazi ya kukaa
hajawahi kupanda ngazi na turubai mgongoni,
kilo hamsini likiwa kavu;
likishakunywa mvua, sijathubutu kulipima.
Wenzetu wa masanduku hufunga mlango, kufuli, basi,
wakaenda kukata mkate kwenye joto.
Simwonei mtu kijicho.
Ila nikiwa huku juu, pua ikivuja, nikiwaona dirishani,
hunitoka neno moja
ambalo mama yangu, mpiga kinanda wa kanisa, hakunifundisha.

Nje kidogo ya Rawlins, Wyoming, Januari,
pembe moja ilichomoka ikaanza kupiga makofi.
Upepo wa kule hauvumi, unadai.
Tukasimama, tukapanda.
Ukaniinua, mimi Marlys Haugen, bibi wa wajukuu watano,
nusu mita hewani,
ukafikiri,
ukanirudisha.
Teague alilia. Machozi yaligandia kwenye kope.
Sikumbembeleza. Nilimpa pembe ile:
Shika. Lala juu yake.
Tukalala kifudifudi juu ya chuma, wawili,
kama watu wanaomficha mtoto.
Hata upepo huvuta pumzi.
Uliponyamaza, hesabu ya moja hadi nne,
tukanasa mipira kwenye kulabu, mmoja, mwingine, wa tatu,
ukarudi umetukuta tumemaliza.

Usiku ule supu ya kopo ilikuwa karamu,
na usingizi haukunijia, uliniangukia.
Miaka kumi na tisa nilikaa ofisini Bismarck
nikihesabu bima za watu, nikimeza vidonge ili nilale.
Sasa mabega yanawaka, kiuno kinanung'unika,
na mikono hii imeota sugu hata haifungi
vifungo vya gauni la mjukuu. Gaylen, mume wangu,
ndiye anifunguliaye chupa ya achari, huku akicheka.
Acha acheke.
Nachoka mahali ninapopajua.

Ogden, asubuhi, anga safi kama sahani iliyooshwa.
Tukafunua. Mvuke ukapanda.
Teague akainama, glavu mkononi, kidole gumba kwenye chaki:
mstari mzima, gogo hadi chuma,
maili elfu moja na mia nne na ushei,
breki zote, milima yote, upepo ule.

"Haukusogea," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeingia chumba alimolala mgonjwa
akakuta ameketi, anaomba chai.
Akasema tena.

Nami, kwa kuwa koo lilikuwa na jambo,
nikamwonyesha turubai lililozagaa uwanjani,
na namna ya kulikunja:
kutoka pembeni, kwa magoti,
hewa yote itoke.