Ufuko wa Majengo

Kileo amemwaga malori mawili ya mchanga
nyuma ya baa yake, Majengo, hapa Moshi,
mchanga wa Mto Karanga, bado una vijiti,
na ukutani amechora bahari:
rangi ikamwishia kabla ya kufika chooni.

"Vueni viatu," anasema. "Huku ni visiwani."
Miaka sita alikuwa mpishi wa meli, huko Karibi;
amerudi na shati la maua
na tabia ya kusema "taratibu" hata gesi ikiisha.

Elinami anasita. Soksi yake ina tundu.
Likizo yetu ya kwanza tangu harusi, siku nne,
na nauli ya kwenda pwani tuliezekea paa.

Tunaletewa perege wa Nyumba ya Mungu,
amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika,
ndizi za kuchoma, ndimu, juisi ya ukwaju.
Mwiba unanikwama kooni.
Elinami ananifinyangia tonge: "Meza, usitafune,"
sauti ya mama yake kabisa.

Kisha upepo unapangua mawingu
na mlima unatokea, wote, hadi theluji,
juu ya ukuta, juu ya mawimbi ya rangi ya maji.

Mhudumu amesimama na trei.
Kileo anaukazia macho
kama mtu aliyemwona mdeni wake sokoni.
"Huyu," anasema, "kule nilimtafuta sana."

Elinami amekwishavua soksi.
Anachimba kwa vidole vya miguu,
anaibua kizibo cha soda, ananipa.

Nakiweka sikioni.