Darasa la Chumvi

Siku ya kwanza, ghorofani, katika jengo la kukimbilia tufani,
wanawake kumi na mmoja
na Nitai Mondol, aliyetumwa na mkewe.
Nikawapangia vikombe vitatu vya maji.
Onjeni, nikasema, mniambie kipi kina chumvi.

Wakaonja. Wakatazamana.
"Hakuna," akasema Shefali.
"Yote ni maji tu."

Nilikuwa nimeandaa mafunzo ya siku tano:
bahari inavyopanda, mto unavyorudi kinyumenyume,
presha ni nini, kifafa cha mimba ni nini,
na mchoro wa moyo wa rangi mbili.
Yote yakafia kwenye kikombe cha pili,
ambacho mimi, mtu wa Khulna mjini, nilikitema.

Ulimi huzoea, damu haizoei:
niliyaandika ubaoni, nikayafuta.
Yalipendeza mno, na hayakumtibu mtu.

Siku ya pili tukafungana mkanda wa mashine.
Tukacheka uliposonya kama mama mkwe.
Kisha Nitai: mia na sitini juu ya mia.
Kicheko kikatafuta mlango.

Siku ya tatu Shefali akasimama,
daftari kwapani, halijafunguliwa.
"Nitafika kwa Moyna, mimba ya miezi saba,
miguu imeumuka, furungu halivuki kifundo.
Nitamwambia, maji ya bwawa yanakuumiza.
Ataniuliza, basi ninywe yapi?
Hapo, dada, kitabu chako kinasemaje?"

Nikafungua ukurasa wa thelathini na mbili.
Palichorwa tangi la mvua, jeusi, limejaa,
na mama kando yake anatabasamu.
Tangi la bei ya ng'ombe wawili.

Sikujibu.
Tukageuza daftari, tukaanza nyuma:
nani ana bati, nani ana bati bila mfereji,
nani tangi lake lilipasuka na kimbunga,
nani atatoa ndoo moja kwa mjamzito
kabla hajaosha sufuria.
Tukabishana hadi adhana ya alasiri.
Nitai akatoa pipa lake
alilofugia vifaranga vya kambamiti.
Lilinuka. Tulilisugua siku mbili,
na ratiba yangu ikaenda na maji hayo.

Leo simu imeleta mwandiko wa Shefali,
picha ya ukurasa, kidole chake pembeni:
"Moyna. Mia na thelathini na tano juu ya themanini na nane.
Jana alionja maji ya bwawa, akayatema.
Pipa limebaki robo.
Mvua, bado wiki sita."