Kitabu cha Mizigo

Kibao cha kituo chetu kina neno moja tu: HOSPITALI.
Rangi ya S imebanduka,
wageni husoma HO PITALI na kushuka hivyo hivyo,
maana ukitoka Mwanza Kusini, kabla ya Fela,
hapa hakuna kingine cha kushukia
ila majabali yaliyobebana mgongoni
na katikati yake kipande cha ziwa,
kama kioo kilichosahauliwa dirishani.

Treni hupita mara tatu kwa wiki. Husimama dakika nne.
Dakika nne za kushusha mgonjwa kwenye kanga na miti miwili,
sufuria, jiko la mkaa,
kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya daktari asiyekula nyama.
Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza kila mtu
kama nilivyofundishwa Tabora:
"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"
Hadi bwana mmoja wa Malampaka aliponitazama:
"Tulikuja wawili, karani.
Nikatie moja."
Tangu siku hiyo siulizi.

Juni ile mizani ya wodi ya wazazi iliharibika.
Barua ilikwenda mjini, ikajibiwa kwa barua.
Jumanne asubuhi nikamwona Nesi Nyanzobe
anashuka ngazi za mawe,
nyuma yake Holo, mke wa mchimbaji wa Geita,
kifuani amefunga kitu kidogo kuliko mkate.
"Karani, tuazime mizani."

Mizani yangu ni ya magunia.
Inajua pamba. Inajua dagaa,
harufu yao imeingia ndani ya chuma
na masika haijawahi kuitoa.
Tulitandika gazeti, tukamlaza mtoto.
Sindano haikutikisika.

"Panda naye," akasema nesi.
Hamsini na mbili.
"Sasa nipe mtoto, baki wewe."
Hamsini na nusu.
Kutoa ni hesabu ya darasa la pili,
ila sote watatu tulinyamaza
kama watoto waliosahau kalamu siku ya mtihani.

Sheria ya shirika: kinachopimwa kiandikwe.
Namba ya mzigo: 41.
Uzito: kilo moja na nusu.
Mtumaji.
Mpokeaji.
Uendako.
Hapo kalamu yangu ilikataa.

Jumanne ya pili: moja na nusu.
Jumanne ya tatu: moja na nusu,
lakini sasa Holo peke yake alikuwa arobaini na nane.
Mtoto alikuwa palepale.
Aliyekuwa anasafiri ni mama.
Nesi hakusema kitu, aliniangalia tu,
na jioni mke wangu akapandisha ngazi zile
na mchuzi wa sato, na uji wa ulezi,
kesho yake tena, na kesho yake.

Jumanne ya tano treni ilikuwa imesimama.
Dereva alipiga honi. Nikamwinulia kidole: ngoja.
Wachukuzi walitua magunia wakasogea,
mmoja anahesabu kwa midomo.
Hamsini na moja. Arobaini na tisa.
"Mbili!" akapayuka yule mchukuzi, kabla ya nesi,
na abiria madirishani wakashangilia
bila kujua wanashangilia nini.
Treni ilichelewa dakika sita.
Kwenye safu ya sababu niliandika: mzigo.

Mwisho wa Agosti alikuja dirishani kwangu alfajiri,
sufuria kichwani, jiko mkononi,
uso umefichwa na mwanga wa taa nyuma yake.
"Moja," akasema.
"Ya Bukwimba."

Mkono wangu ulikauka juu ya tiketi.
Sikuuliza. Mimi siulizi.
Ndipo akageuka kidogo, kanga ikachezacheza,
na mgongoni mtu akapiga chafya.
"Huyu halipiwi, sivyo?"

Halipiwi, nikasema. Halipiwi, mama.

Mkaguzi kutoka Tabora anakuja Novemba.
Namba 41 ina uzito mara nane,
ina Bukwimba kwa wino wa siku nyingine,
haina mtumaji.
Sijui nitamwambia nini.